Mungu Asiyetaka Kuku

Fusae alianza kujisugua kabla jua halijagusa paa la banda la kuku. Alisugua mikono, shingo, nyuma ya masikio, katikati ya vidole vya miguu, akajimwagia maji ya moto, kisha akaanza upya. Nywele alikwisha kuziosha kwa sabuni na kuzisuuza kwa maji ya siki, lakini alipozivuta mbele ya pua akazinusa, akaona bado zinanuka banda. Akachota maji tena.

"Binti," baba yake aliita kutoka nje ya ukuta wa mbao, "unakwenda kuposwa au unakwenda kupikwa?"

"Niache, baba."

"Nikuache vipi, na maji ya moto yote umeyamaliza? Na mimi nina miguu inayohitaji maji."

Mzee Katsube alikuwa amesimama na ndoo ya pumba, kuku wanamlilia pande zote. Alikuwa mjane mwenye sauti kubwa na moyo laini, na moyo huo aliuficha chini ya sauti kama watu wanavyoficha fedha chini ya mkeka.

"Mwanamke haendi kuulizia posa yake mwenyewe," alisema. "Posa ni paka. Ukiifuata, inapanda juu ya dari."

"Shuzo alisema mwaka ukiisha atavuka. Mwaka umeisha, sikukuu imepita. Labda ana kazi nyingi."

"Kazi gani ya kumshinda mtu kuvuka maji? Mungu wao mwenyewe alikuwa anavuka kila usiku kumfuata mwanamke, tena wa upande huu huu wetu. Jogoo akawika kabla ya wakati, yeye akadhani kumekucha, akakurupuka, akaacha kasia, akawa anapiga maji kwa mguu, papa akamng'ata. Sasa hapo kosa la jogoo ni lipi? Mimi nimechelewa kurudi nyumbani kwa ajili ya pombe ya sake miaka na miaka, marehemu mama yako alikuwa shahidi, na sijawahi kumsingizia jogoo hata siku moja."

Fusae alicheka peke yake mle bafuni, maji yakimtiririka, na kicheko kikageuka kuwa kitu kingine, ikabidi ajimwagie tena uso.

Ng'ambo ya maji, katika kijiji cha Kazeura, hakuna aliyekichukulia kisa hicho kuwa mzaha. Mungu wao, ambaye jina lake refu husemwa hekaluni tu na ambaye watu wote humwita Ebisu, alirudi asubuhi ile akichechemea, na tangu hapo kijiji kikamchukia kuku kwa niaba yake. Kazeura hakuna banda la kuku. Yai haliingii. Mtoto wa pale akienda safari ya shule, mwalimu hutoa kipande cha yai kwenye chakula chake akakila yeye. Wazee wengine hawaketi hata kwenye mto wa manyoya.

Na Shuzo Kadowaki, mtoto wa nyumba ya wageni ya Kazeura, ndiye Fusae aliyempenda.

Walikutana mjini Matsue, mbali na macho ya wazee. Fusae alikuwa anajifunza kushona. Shuzo alikuwa jikoni kwenye mkahawa mmoja karibu na daraja, anajifunza upishi ili aje kuendesha nyumba ya kwao. Siku ya kwanza walipoketi pamoja kando ya ziwa, Fusae alifunua kisanduku chake cha chakula, na mle ndani palikuwa na yai la kukunja, la njano, lililotiwa sukari kidogo. Shuzo alilitazama sana.

"Kwetu hili ni mwiko," alisema.

"Basi usile."

"Kwetu mbali," alisema Shuzo, akafungua mdomo kama kinda.

Fusae alimlisha kwa vijiti vyake mwenyewe. Tangu siku hiyo alikuwa akikunja mayai mawili zaidi kila asubuhi, na tangu siku hiyo Shuzo alikuwa akimtazama kwa namna ambayo hata mwalimu wa kushona aliijua, akawa anawafungia dirisha wasionane.

Kisha kura ikapigwa. Kila mwaka Kazeura humpigia mungu kura ili achague nyumba ya kumkaribisha, na mwaka ule kura iliangukia nyumba ya Kadowaki. Baba yake Shuzo alikwisha kufa zamani, kwa hiyo mzigo ulikuwa wa Shuzo. Mwaka mzima mwenyeji wa mungu huoga baharini kila siku, iwe joto, iwe theluji. Haingii nyumba yenye msiba wala yenye mtoto mchanga. Hagusi mwanamke. Kuku na yai hata hatazami.

"Nisubiri mwaka," Shuzo alimwambia kituoni Matsue, mkoba begani. "Ukiisha tu nitavuka na samaki wa posa na sake, nitapiga magoti mbele ya baba yako."

Fusae alisubiri, na akafanya jambo ambalo hakuombwa na mtu. Aliacha kula yai. Katika nyumba ambayo yai lilikuwa kitoweo cha asubuhi, mchana na jioni, yeye alikula wali na figili ya chumvi, na baba yake akawa ananuna mezani akisema amewavunjia kuku heshima.

Sasa ilikuwa mwezi wa tano. Sikukuu ya Kazeura ilikwisha kupita, masika yalikuwa yanaelekea kiangazi, na hakuna samaki wala sake iliyovuka. Asubuhi ile Fusae alivaa kimono cha kijivu kilichokaa mwaka mzima kwenye sanduku la mkafuri, mbali na banda, akapanda boti ya abiria.

* * *

Nyumba ya wageni ya Kadowaki ilikuwa chini kidogo ya lango la mawe la hekalu, kwenye kichochoro cha mawe ya buluu yaliyolainishwa na miguu ya watu. Fusae alipofika alikuta mgeni mmoja wa Osaka amekaa mlangoni akivaa viatu, akinung'unika kwa mtumishi mzee wa nyumba, mwanamke mwembamba aliyeitwa Otose.

"Samaki mzuri, supu nzuri, sikatai," mgeni alikuwa anasema. "Lakini asubuhi bila yai, mama! Nimelala nikiliota yai la kukaanga."

"Ungeniambia, bwana, ningekuamsha," Otose alisema. "Hapa hata kuliota ni mwiko."

"Na nikilitaka kweli?"

"Vuka maji. Huko ng'ambo wanalala nalo kitanda kimoja."

Mgeni akacheka, akainama, akaondoka. Otose akageuka akamwona Fusae. Kicheko kilibaki usoni pake lakini macho hayakuwamo tena. Alivuta pumzi kwa pua, taratibu, kama mpishi anayeonja supu kwa harufu.

"Ni wewe," alisema. "Wa ng'ambo."

"Mimi Fusae Katsube. Nimekuja kuonana na Bwana Shuzo, kama hamna shughuli."

"Shughuli hazijawahi kwisha nyumba hii. Ngoja."

Aliyekuja hakuwa Shuzo. Alikuwa Bi Sumino, mama yake, mwenye nyumba, mwanamke wa umri wa kati mwenye mgongo ulionyooka na nywele zilizobanwa bila unywele mmoja kutoroka. Alipiga magoti juu ya mkeka, akainama kwa adabu yote inayompasa mgeni, kisha kwa mkono wake mwenyewe akaweka mto pembeni, pale kwenye ukingo wa sakafu, ambapo mtu hukaa huku miguu yake bado iko chini kwenye udongo. Ndipo wanapokaa wauza samaki na watoza kodi.

Fusae akakaa hapo hapo. Otose akaleta chai na andazi la mchele lenye maharage matamu.

"Maji yalikuwa tulivu leo?" Bi Sumino aliuliza.

"Tulivu sana, mama."

Bi Sumino aliliacha neno lile la *mama* lipite, kama mtu anavyompisha mwenzake kwenye ngazi.

"Mzee hajambo?"

"Hajambo."

"Na kuku?"

"Nao hawajambo."

"Nasikia wameongezeka."

"Wameongezeka. Mjini wanataka sana mayai siku hizi."

"Mjini," Bi Sumino alikubali. "Mjini wanakula kila kitu."

Wakanywa chai. Kutoka jikoni ilisikika sauti ya kisu kikikata figili, haraka, sawasawa, na Fusae alikijua kisu kile. Alijua mkono ulioshika mpini wake.

"Nimekuja kuonana na Shuzo," alisema.

"Najua. Ndiyo maana nimekuja mimi." Bi Sumino aliweka kikombe chini. "Binti, mwanangu ameumaliza mwaka wake vizuri. Boti zote zilirudi. Majira ya baridi homa ile ya mafua iliua watu kila mahali, wewe mwenyewe ulisikia. Hapa hapakufa mtoto hata mmoja. Nikienda sokoni wazee wananiinamia. Wanasema ni usafi wa Shuzo uliotukinga."

Fusae alishusha macho kwenye andazi lake.

"Na kura imemwita tena," mama yule aliendelea. "Miaka michache ijayo atabeba nafasi ile kubwa, na safari hiyo hakai peke yake. Anakaa na mke wake mbele ya mungu, wamefunga, wamevishwa, hawasemi, hawapepesi macho, na kijiji kizima kinawasujudia. Mimi nilikaa pale na baba yake Shuzo. Nilikuwa na umri kama wako. Siku ile sikuwa Sumino tena. Mpaka leo sijui nilikuwa nini." Sauti yake ilishuka, na kwa mara ya kwanza Fusae alimwona msichana aliyekuwa ndani ya mwanamke yule. "Sasa niambie wewe mwenyewe. Nitamkalisha nani pale? Mtoto aliyekuzwa kwa yai?"

"Sijala yai tangu Shuzo aanze mwaka wake."

"Nani alikwambia usile?"

"Hakuna."

"Basi umejitesa bure, mwanangu."

Alilisema kwa upole, na upole ule ulichoma kuliko matusi.

"Hata kama wewe ni msafi kuliko chumvi," Bi Sumino alisema, "watu watakuita binti wa Katsube wa kuku. Iko siku boti itazama. Maji ni maji. Siku hiyo watatazamana, kisha watatazama nyumba hii, na wewe utakuwa ndani na watoto wako. Nakuepusha wewe pia. Labda siku moja utanishukuru, labda hapana, mimi sidai."

"Na Shuzo anasemaje?"

"Muulize."

Akasimama, akaita jikoni, akapanda ndani. Mlango wa karatasi hakuufunga. Aliuacha wazi kiasi cha upana wa kiganja.

* * *

Kisu kiliacha kukata. Shuzo alitoka akifuta mikono kwenye aproni, akapiga magoti mahali pale pale alipokuwa mama yake.

Alikuwa amekonda. Mashavu yaliingia ndani, na shingo yake, ambayo Matsue alikuwa akiifunga skafu nyekundu aliyoshonewa na Fusae, ilikuwa imekauka kama ya mzee. Mikono ndiyo iliyomuumiza Fusae zaidi. Maji ya bahari ya miezi ya theluji yalikuwa yameipasua kwenye viungo vya vidole, na mipasuko mingine ilikuwa bado haijapona. Alitamani kuishika. Alikuwa na haki gani, hakujua, lakini mkono wake ulikwisha kunyanyuka kutoka pajani kabla hajauzuia.

Shuzo aliuona mkono ule. Akaficha yake chini ya aproni.

"Umefika salama," alisema.

"Nimefika. Umekonda."

"Ni kufunga. Wiki ya mwisho mtu hali kitu."

"Hukuvuka."

"Sikuvuka."

"Nilikuwa nakaa kwenye gati kila boti ikija," Fusae alisema. "Baba alidhani nimeanza kazi ya kukata tiketi."

Mdomo wa Shuzo ulitaka kucheka. Zamani ungecheka. "Mzee bado anasema jogoo wamesingiziwa?"

"Leo asubuhi kasema."

"Ana maneno yule." Kisha akainamisha kichwa. "Fusae, nimejaribu. Nimemwambia mama mara nyingi. Nikiingia jikoni yuko, nikitoka yuko. Halafu wazee wa hekalu nao. Wewe hukuwapo siku ya sikukuu. Watu walilia, Fusae. Bibi mmoja kipofu aligusa upindo wa nguo yangu akasema ameona mwanga. Nitamwambiaje mtu kama yule kwamba..."

"Kwamba unampenda mfuga kuku."

"Hapana. Sikutaka kusema hivyo."

"Ulitaka kusemaje?"

Kichochoroni alipita mtu na mkokoteni wa mwani, magurudumu yakigonga mawe. Fusae alisubiri mpaka kelele zikapita. Alikuwa na neno moja alilolibeba tangu majira ya baridi, na alikuwa ameapa kwamba hatalitoa. Alilitunza kwa mapenzi. Sasa alifikiri, kwa mapenzi yale yale, kwamba huenda likamfungua.

Akasogea karibu kidogo na kushusha sauti, kwa ajili ya ule mlango.

"Shuzo, ile sindano ya mafua. Ulichomwa?"

"Tulichomwa wote. Watu wa afya walikuja kabla ya theluji, wakachoma watoto wa shule, kisha sisi wa nyumba za wageni kwa sababu tunapokea wasafiri. Kwa nini?"

"Dawa ile inaoteshwa ndani ya yai."

Shuzo alitabasamu, akidhani ni mzaha wa Mzee Katsube. Kisha tabasamu likakosa pa kukaa.

"Nani kakwambia?"

"Hakuna wa kuniambia. Mtu wa maabara huja kwetu kuyachukua. Anataka yale yenye mbegu, ndiyo maana baba amefuga majogoo wengi. Wanatia ugonjwa ndani ya yai, ukishakua wanauua, hiyo ndiyo dawa. Nilisikia redioni kwamba vijiji vyote vya pwani vimechomwa, nikajua. Nikanyamaza. Nilisema moyoni, mwaka wake uishe kwa amani."

Shuzo alibaki amepiga magoti. Mkono wake wa kulia ulipanda polepole mpaka kwenye bega la kushoto, juu ya nguo, pale sindano ilipoingia, ukakaa pale. Fusae alimtazama. Alikuwa amekifikiria kitambo hiki usiku mwingi. Kuna usiku aliomwona Shuzo akilia. Kuna aliomwona akicheka mpaka machozi, akisema basi mungu mwenyewe ametuoza. Kuna aliomwona akikasirika, na hata hasira hiyo alikuwa amejiandaa kuipokea kwa mikono miwili.

Shuzo aligeuza macho kwenye ufa wa mlango. Kisha akanong'ona:

"Nani mwingine anajua?"

Fusae hakuelewa mara moja. "Anajua nini?"

"Hilo. Nani mwingine?"

"Mimi. Na baba, lakini baba hajali mambo hayo."

"Baba yako anakunywa. Mtu akinywa husema."

"Shuzo."

"Huwajui watu wa hapa. Wakisikia, mwaka wote umekwenda na maji. Siyo mwaka wangu tu, ni mwaka wa kijiji. Watamwambia nini mama?"

"Hakuna mtoto aliyekufa hapa," Fusae alisema. "Mama yako kaniambia sasa hivi, kwa fahari. Wanasema ni usafi wako. Mimi sitaki hiyo sifa, wala kuku wa baba hawaitaki. Nataka uone jambo moja tu. Yai limeshaingia Kazeura. Limeingia kwa watoto, limeingia kwako ukiwa mbele ya mungu, na mungu hakung'ata mtu. Basi mimi nina uchafu gani?"

Shuzo alikuwa anafikiri. Alimjua anavyofikiri, paji la uso likikunjika upande mmoja, na hapo hapo, mbele ya macho yake, lile kunjo likafunguka na damu ikarudi mashavuni.

"Sindano haipiti mdomoni," alisema. "Mwiko ni wa kula. Mimi sikula. Na tena sikujua. Mungu hamshiki mtu kwa jambo asilolijua." Akashusha pumzi. "Ndiyo. Mdomoni haikupita."

Fusae aligusa kikombe chake cha chai.

"Umeona ulivyofika upesi?" alisema.

"Nimefika wapi?"

"Mlangoni. Mimi mwaka mzima nimezunguka nyumba ya mungu wako natafuta mlango, hata wa jikoni, hata wa mbwa. Wewe umeupata wako kabla chai yangu haijapoa."

"Hayo siyo sawa na yako."

"Tofauti yake?"

Shuzo alipojibu alisema kweli, na huenda hilo ndilo jambo la mwisho la kweli alilompa.

"Wewe unajulikana," alisema. "Lile halijulikani."

Kutoka ndani ilisikika sauti ya makofi mawili, makavu, yenye nafasi kati yake. Bi Sumino alikuwa mbele ya rafu ya mungu, anasali, au anawakumbusha kwamba yupo.

"Matsue ulifungua mdomo," Fusae alisema. "Siku ya kwanza. Sikukulazimisha."

"Matsue siyo hapa."

"Ndiyo. Nimeona."

"Tungoje kidogo, Fusae. Mama anazeeka. Ile nafasi kubwa nikishaibeba, nikishaitua, hakuna atakayenidai tena. Miaka michache tu. Sisi bado vijana."

"Tungoje mama afe?"

"Sikusema hivyo."

"Hukusema."

Fusae aliinama akaviweka sawa viatu vyake. Ukanda wa kiatu kimoja ulikuwa umelegea, akauvuta kwa kidole, ukamponyoka, akauvuta tena. Alitamani Shuzo asimwone hivyo. Alitamani pia amwone, ashuke kutoka kwenye ule mkeka, akanyage udongo, hatua moja tu. Mkeka haukuwa juu. Mtoto mdogo angeshuka.

"Fusae," Shuzo aliita kwa sauti ya chini.

Alisimama, mgongo umemgeukia, na moyo wake, ambao ulipaswa kuwa umeshajifunza, ukaruka.

"Utamwambia mtu?"

Alifumba macho. "Hapana," alisema.

"Hata baba yako usimkumbushe."

"Sitamkumbusha."

Nyuma yake alisikia nguo zikisogea. Alipogeuka alimkuta Shuzo ameweka viganja vyote viwili juu ya mkeka, na paji la uso karibu kuugusa, amemwinamia kwa adabu kubwa mno, ile inayotolewa kwa mgeni aliyelipa vizuri na anayeondoka. Fusae naye akainama. Angefanya nini? Alilelewa na watu.

Otose alikuwa amesimama kwenye pembe ya ukumbi na kitambaa cha kufutia, na safari hii hakunusa kitu. "Shuka taratibu, binti," alisema. "Mawe yanateleza."

* * *

Kichochoro kile kinapofika karibu na gati hupinda kulia, na kwenye kona hiyo mtu akigeuka huuona mlango wa nyumba ya Kadowaki wote, na pazia lake la buluu. Fusae alijiambia hatageuka. Alipita dukani kwa muuza mwani, akapita mashine ya kukaushia ngisi inayozunguka mchana kutwa, akamwitikia bibi mmoja aliyemsalimu bila kumjua. Kwenye kona akageuka. Apendaye hana mfupa shingoni.

Aligeuka akitumaini kwamba Shuzo atatoka nje kumfuata.

Na Shuzo akatoka.

Pazia lilinyanyuka, akaja mpaka kwenye jiwe la mlangoni, bila aproni, kichwa wazi, na kwa muda wa pumzi moja Fusae alisahau yote yaliyosemwa. Akanyanyua mguu kurudi. Kisha akaona bakuli. Lilikuwa dogo, jeupe, amelishika kwa mkono wa kushoto kifuani, na mkono wa kulia ulikuwa umo ndani yake.

Kila mtu wa pwani ile anaijua chumvi ya mlangoni. Humwagwa watu wakirudi kutoka mazikoni. Na humwagwa akishaondoka mgeni ambaye hatakiwi kurudi.

Shuzo alitupa konzi ya kwanza kushoto. Akatupa ya pili kulia. Aliifanya kazi ile vizuri, kama alivyofanya kila kazi ya mikono, chumvi ikatawanyika sawa bila rundo. Alipochota ya tatu akainua macho, akamwona Fusae amesimama kwenye kona.

Hakuna aliyesogea. Ngumi ya Shuzo ilibaki hewani imefumba, na chembe zikawa zinachuruzika katikati ya vidole vyake vilivyopasuka. Fusae alijua chumvi ile inamchoma mle kwenye vidonda. Alijua pia kwamba angemsamehe. Alishangaa kujijua hivyo, lakini angemsamehe yote, swali lile, kuinama kule, konzi zile mbili, kama angeirudisha tu ile ya tatu ndani ya bakuli.

"Umemaliza?" Bi Sumino aliuliza kutoka ndani, sauti yake ya kawaida, ya mtu anayeulizia kazi ya nyumba.

Shuzo alikuwa bado anamtazama Fusae.

"Bado kidogo, mama," alisema, akafungua mkono.